Najua kazi ya umeme, sina cheti, na kila mtu ananivuta kwenye programu yake

SWALI

Shikamoo Mama. Mimi ni kijana wa miaka 27, naishi Igoma hapa Mwanza, nina mke na mtoto wa miaka miwili. Baada ya kidato cha nne matokeo hayakuwa mazuri, nikaingia kwa fundi mmoja wa umeme wa majumbani kama saidia fundi. Nilianza kwa kubeba ngazi na kuchimbia mabomba ukutani. Baadaye nikawa natandaza nyaya, nafunga soketi na swichi, mpaka ikafika hatua ananiachia nyumba nzima. Yeye anakuja siku ya mwisho, anapima, anasaini fomu za mteja za kuombea umeme, basi. Nimefanya naye kazi miaka mitano.

Mwaka jana tenda zake zilikatika akahamia mkoa mwingine. Tangu hapo sina kazi ya kueleweka. Nikienda saiti swali la kwanza ni kama nina cheti. Nikisema sina lakini kazi naijua, wananijibu kwamba kila anayepita pale anasema hivyohivyo.

Sasa nimezungukwa na ushauri, Mama. Kuna kampuni imenipigia simu, wana mafunzo ya miezi mitatu ya kompyuta na huduma kwa wateja, ada laki saba, wanasema ukimaliza ajira ipo. Wanataka nilipe nusu kabla ya mwisho wa mwezi. Kuna shirika linatoa semina ya ujasiriamali wiki mbili bure na nauli wanarudisha. Vijana wenzangu wa kijiweni wanaunda kikundi waombe mkopo wa halmashauri tununue bodaboda, wananihitaji nijaze idadi. Shemeji yangu anasema niache kuchagua, niende kiwanda cha samaki nikapange foleni ya vibarua. Na rafiki yangu mmoja anasema nianze upya kwenye chuo cha ufundi cha VETA, hatua ya kwanza, kama watoto waliotoka shule juzi.

Mke wangu ana laki nne kwenye kikoba chao, wanavunja mwezi wa 12, na amesema yuko tayari kunisaidia. Naogopa kuichezea hela yake. Naomba uniambie ukweli: katika hizi programu za kuwasaidia wasio na kazi, ipi inamfikisha mtu kwenye kazi kweli? Kila mtu anasifia ya kwake.

Fundi asiye na karatasi, Mwanza


JIBU

Marahaba mwanangu, na umsalimie mkeo.

Nianze na kampuni ya laki saba kwa sababu ndiyo yenye haraka: usilipe. Siwaiti matapeli, siwajui. Ila wanakutoa kwenye kazi uliyoifanya miaka mitano na kukupeleka kwenye kazi ambayo utaanza nayo sifuri, kwa hela usiyo nayo, na ahadi ya ajira ambayo hujaiona kwenye maandishi. Kama wana uhakika wa ajira, waulize jina la mwajiri atakayekupokea, na uombe ada ikatwe kwenye mshahara baada ya kuajiriwa. Jibu lao litakutosha.

Watakwambia pia kwamba wahitimu wao wengi wako kazini. Inaweza kuwa kweli kabisa na bado isikusaidie kitu. Vijana mia moja wakipita kwenye mafunzo na sitini wakapata kazi, hujui wangapi kati ya hao sitini wangeipata hata kama wangebaki nyumbani wakiendelea kutafuta. Ndiyo maana wanaopima programu hizi kwa uaminifu huchukua waombaji wa aina moja, wakachagua kwa bahati nasibu wa kupewa mafunzo na wa kukosa, kisha wakafuatilia pande zote mbili kwa miaka. Mchumi David McKenzie wa Benki ya Dunia alikusanya tathmini za namna hiyo kutoka nchi zinazoendelea na kutoa majumuisho yake mwaka 2017. Aliona kwamba ukiwapa watu 100 wasio na kazi nafasi ya mafunzo ya ufundi, wanaopata kazi kwa sababu ya mafunzo yenyewe ni kama wawili. Watatu hawafiki. Nasema hivi ili ujue kwamba neno "mafunzo" peke yake si dawa, na mtu akikuahidi muujiza una haki ya kumtilia shaka.

Lakini huo ni wastani, na ndani yake kuna programu zilizofanya vizuri sana na nyingine zilizopoteza hela za watu. Inayokuhusu wewe zaidi ya zote ilifanyika kwa jirani zetu Uganda.

Watafiti, wakishirikiana na shirika la BRAC, walifuatilia vijana 1,700 na biashara ndogo 1,500 kwa miaka minne. Fani zilikuwa hizi tunazozijua: uchomeleaji vyuma, ufundi magari, ushonaji, saluni, bomba, upishi, ujenzi, na umeme wa majumbani kama wako. Kundi moja lilipelekwa chuo cha ufundi miezi sita likapewa cheti. Kundi jingine lilipelekwa moja kwa moja kwenye karakana kufundishwa kazini miezi sita, na mwenye karakana akalipwa ruzuku ili awapokee. Kundi la tatu halikupewa kitu.

Ujuzi wa makundi mawili ya kwanza uliongezeka karibu sawa. Tafadhali lishike hilo, maana watu wengi hudhani chuo kinafundisha zaidi au kwamba kazini ndiko mtu anajifunza kweli. Na vijana wa karakana ndio waliotangulia kupata kipato, tena haraka. Ila faida yao ilipungua kadiri miaka ilivyokwenda, wakati wale wa chuo walianza polepole kisha wakawapita na kubaki juu. Tofauti ilitokea siku mtu alipopoteza kazi. Kijana wa chuo alipoachishwa, aliitwa kwingine mapema kwa sababu alikuwa na cheti ambacho mgeni asiyemjua angeweza kukisoma. Kijana wa karakana ujuzi wake ulijulikana na bosi wake tu, na bosi alipomwacha, ujuzi ule ulibaki bila shahidi. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2020.

Mwanangu, wewe ndiye kijana wa karakana. Ulifundishwa vizuri, ukafanya kazi, na shahidi wako amehama mkoa. Huna upungufu mkubwa wa mafunzo. Unapungukiwa na uthibitisho ambao mkandarasi wa Buhongwa au Kahama anaweza kuuamini bila kukujua wewe wala ukoo wako.

Kwa hiyo rafiki yako aliyesema VETA yuko karibu na ukweli, isipokuwa kwenye kuanza upya. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo. Umewekwa kwa ajili ya watu kama wewe: waliojifunzia kwa fundi, saiti au gereji. Unajiandikisha kwenye chuo, unaeleza historia yako ya kazi na kuonyesha ushahidi, wakufunzi wanakupima kwa vitendo, wanaona pale ulipo sawa na pale penye pengo, unafundishwa hilo pengo kwa muda mfupi, kisha unapewa cheti kinachotambulika. Serikali imekuwa ikigharamia utaratibu huu kwa awamu kupitia Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi, pamoja na mafunzo ya uanagenzi. Nenda kwenye chuo cha VETA hapo Mwanza uulize mambo mawili: kama kuna awamu ya serikali inayopokea majina sasa, na kama haipo, ada ya kupimwa kwa anayejilipia mwenyewe ni kiasi gani. Ukiambiwa dirisha limefungwa, usigeuke. Uliza litafunguliwa lini, tangazo hutolewa wapi, na uache jina.

Kwenye fani yako cheti kina uzito mara mbili. Umeandika kwamba fundi wako alikuwa anakuja siku ya mwisho kusaini fomu. Sababu unaijua: anayefunga umeme kwa jina lake mwenyewe anatakiwa awe na leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na leseni hizo hutolewa kwa madaraja kulingana na elimu na uzoefu. Bila cheti cha fani mlango ule huufikii. Miaka mitano umefanya kazi ya nyumba nzima na kulipwa kama msaidizi, kwa sababu aliyekuwa na haki ya kusaini ni mwingine. Nimekasirika kidogo niliposoma sehemu hiyo, si kwa fundi wako, ambaye inaonekana alikufundisha kwa moyo, bali kwa sababu nchi ina maelfu ya vijana wanaojenga majumba ya watu namna hii na hakuna aliyewaambia kwamba wanaweza kupimwa. Matangazo ya fursa kwa vijana yanajaa semina. Tangazo la kupimwa ujuzi ulio nao tayari linasikika mara chache mno, wakati kwa mtu kama wewe ndilo lenye faida kubwa kwa gharama ndogo.

Kabla hujakwenda chuoni, mpigie yule fundi simu leo. Kuhama mkoa si kufa. Mwombe barua yenye saini yake, namba ya leseni yake na ya simu, ikitaja mwaka ulioanza na mwaka mlioachana, aina ya majengo, na kazi ulizokuwa unakabidhiwa peke yako. Asiandike "kijana mwaminifu na mchapakazi" halafu akaishia hapo. Aandike kwamba ulitandaza nyaya za nyumba ya vyumba vinne, ulifunga waya wa ardhi, ulitafuta hitilafu na kuirekebisha. Afrika Kusini watafiti walituma maombi ya kazi yenye barua ya mwajiri wa zamani na yasiyo nayo, na yenye barua yaliitwa zaidi kwa asilimia 60. Walionufaika hasa walikuwa wanawake, lakini somo linakufaa nawe: mwajiri anatafuta mtu wa kumwambia jambo asiloweza kuliona usoni pako. Barua hiyohiyo itakuwa ushahidi wako mbele ya wapimaji wa VETA. Ongeza picha za kazi kwenye simu yako, zile za kabla ukuta haujapigwa lipu ambapo mabomba yanaonekana, na namba za wenye nyumba wawili watatu walioridhika.

Addis Ababa nako walilinganisha aina mbili za msaada mdogo kwa vijana wanaotafuta kazi. Wengine walirudishiwa nauli ili wafike mjini kwenye mbao za matangazo. Wengine walipewa warsha fupi ya kuandika wasifu, kujieleza kwenye usaili, na wakapimwa uwezo wao na kupewa cheti cha matokeo. Nauli ilisaidia mwanzoni kisha athari yake ikayeyuka. Waliopita kwenye warsha, miaka minne baadaye bado walikuwa wanalipwa zaidi ya wenzao. Warsha ya siku chache! Basi ukiona ofisi ya ajira au chuo kinafundisha namna ya kujieleza kwenye usaili, ingia. Pale saiti ukiulizwa cheti, ukajibu tu "kazi naijua," umemwachia mwenzako kazi ya kukuamini. Siku nyingine mwambie: nipe chumba kimoja nikifunge, ukague, kikikuridhisha tuongee bei.

Sasa semina ya ujasiriamali. Ni bure, nauli inarudi, kwa hiyo kama haigongani na siku za kibarua au za kupimwa, nenda. Ila usiisubiri ikutoe. Rwanda walifanya ulinganisho wa wazi kabisa. Kulikuwa na programu ya kuwaandaa vijana kwa kazi na biashara, Huguka Dukore, iliyofadhiliwa na Marekani. Watafiti Craig McIntosh na Andrew Zeitlin wakachukua vijana wengine wa hali hiyohiyo wakawapa fedha taslimu zenye thamani sawa na gharama ya kumfundisha mtu mmoja. Baada ya miezi 14, makundi yote mawili yalikuwa yanafanya kazi saa nyingi zaidi, yana vitendea kazi zaidi na akiba zaidi. Waliopewa fedha walikuwa mbele kwenye kipato na matumizi ya nyumbani pia. Waliopewa mafunzo waliwazidi kwenye jambo moja tu, maarifa ya biashara. Yaani walijua zaidi, lakini maarifa hayo hayakuwapa kipato cha kuwafikia waliopewa fedha.

Ukisikia hivyo unaweza kudhani jibu ni mkopo wa bodaboda. Hapana, na naomba unisikilize vizuri. Fedha za Rwanda hazikuwa mkopo. Kaskazini mwa Uganda pia, mwaka 2008, serikali iliwapa vijana ruzuku ya takriban dola 382 kila mmoja kupitia vikundi, wajifunze fani na wanunue zana. Miaka minne baadaye kipato chao kilikuwa juu kwa asilimia 38 kuliko wasiopewa. Hiyo nayo haikuwa ya kurudisha. Mkopo wa halmashauri hauna riba, na hilo ni jema kubwa, lakini marejesho yapo, na kikundi kinadaiwa kwa pamoja. Wanakuhitaji ujaze idadi, wewe mwenyewe umeandika. Hujasema unaijua biashara ya bodaboda, nani ataendesha, ikiharibika nani analipa. Ukikaa kwenye kikundi hicho utadaiwa kwa pikipiki ambayo huiendeshi.

Mkopo huo utakuja kukufaa baadaye, ukiwa na cheti. Tafuta mafundi wenzako wa kweli, wa umeme, bomba, vigae, muombe kama kikundi cha mafundi mnunue drili, mashine ya kukatia ukuta, vipimo na ngazi. Mtu mwenye fani mkononi akipata zana, hela inazaa. Ongea mapema na afisa maendeleo ya jamii wa kata yako ujue masharti ya kikundi, kwa sababu kukiandaa na kukisajili huchukua muda.

Kuhusu kiwanda, shemeji yako asikudharau na wewe usimdharau. Mtoto anakula kila siku. Lakini ujue kiwanda kinakupa nini. Ethiopia, Christopher Blattman na Stefan Dercon walifuatilia karibu waombaji elfu moja wa kazi za viwandani. Wengine walipewa kazi, wengine walipewa dola 300 na mafunzo mafupi ya biashara, wengine hawakupewa chochote. Theluthi moja ya waliopata kazi kiwandani waliacha ndani ya mwezi wa kwanza, na mwaka haukuisha kabla ya asilimia 77 kuondoka. Mshahara haukuwa bora kuliko walichokuwa wanaokoteza mtaani, na afya zao ziliathirika. Waliopewa dola 300 walipata kipato zaidi kwa theluthi mwaka ule wa kwanza. Lakini watafiti waliporudi baada ya miaka mitano, makundi yote yalikuwa yamekaribiana. Kwa hiyo kibarua cha kiwandani kikubali kwa wiki au miezi unayosubiri kupimwa, ukijua kwamba kitakulisha tu na hakitakujengea kitu. Chagua zamu inayokuachia siku moja ya kazi ndani ya wiki, ofisi zikiwa wazi, ya kufuatilia VETA.

Nitakwambia na jambo lisilopendeza. Hata programu nzuri haziharakishi. David Card na wenzake walipitia tathmini zaidi ya 200 za programu za ajira duniani na kuona kwamba mafunzo huonyesha faida ndogo mwaka wa kwanza, kisha inakua mwaka wa pili na wa tatu. Kazi za muda za serikali, zile za kuwapa watu shughuli ili wasikae bure, karibu hazikuacha faida yoyote baada ya kuisha. Ukipata cheti mwezi huu, usitegemee mwezi ujao simu iite bila kukoma. Mwambie mkeo hivyo sasa, asije akadhani mmekosea njia.

Na laki nne zake. Hela ya kikoba ni jasho lake, kaeni mezani mkubaliane kwa maandishi kama ni mkopo kwako au ni mtaji wa nyumba. Mimi ningeigawa hivi: kwanza ada ya kupimwa kama awamu ya serikali haipo, pili vifaa vya mkononi ulivyokuwa unaazima kwa fundi wako, plaizi nzuri, testa, mita ya kupimia, na kinachobaki kirudi kwake. Haitafika laki nne. Na huna haja ya kusubiri mwezi wa 12 ndipo uanze, kwa sababu barua ya fundi, picha, na kwenda chuoni kuuliza vinahitaji nauli na muda wa maongezi tu.

Anza na simu ya fundi. Namba za watu waliohama hubadilika, na ile barua ndiyo kitu pekee katika mpango huu ambacho mtu mmoja tu duniani anaweza kukuandikia.